Mluzi wa Barabara ya Kulamawe

Siku hizi nikipita kwenye gereji zenu naona kijana anachomeka waya chini ya usukani, anatazama kioo kidogo, halafu anamtajia mwenye gari ugonjwa wake kabla hata boneti haijafunguliwa. Sina wivu. Kama ningekuwa na kioo hicho miaka ya sabini, mgongo wangu leo ungekuwa umenyooka. Lakini kuna jambo moja ambalo kioo hicho hakiwezi kuwaambia, na ndilo nimeketi kuwaandikia. Wengi wenu mnafanyia magari ya watu majaribio kwenye barabara ya Kulamawe, na nimewaona mkisimama huko njiani, mmeinamia injini, mnasikiliza.

Jina langu ni Mwiti. Niliteremka kutoka Meru nikiwa na spana chache ndani ya gunia na maneno mengi mdomoni, nikidhani Isiolo ni mji wa kupitia tu. Nikazeekea hapa. Aliyenishika ni Fundi Hersi. Gereji yake ilikuwa uani kwake, mtaa wa Wabera, ukuta wa mabati upande mmoja na banda la mbuzi upande wa pili. Baba yake, Msomali, aliletwa huku na jeshi la wakoloni akabaki, na Hersi mwenyewe alijifunza injini kwenye malori ya jeshi kabla hajaota ndevu. Nilipomjua, ndevu hizo zilikuwa nyekundu kwa hina na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Masikio ndiyo yaliyokuwa mazima. Mbuzi akikohoa nyuma ya banda, Hersi alijua ni yupi.

Hakuvumilia kelele. Redio ilikuwa marufuku gereji nzima. Mteja akianza kueleza ugonjwa wa gari lake kwa maneno mengi, Hersi alimwinulia kidole anyamaze, gari lenyewe liseme. Nami wiki zangu za kwanza nilikuwa na mazoea ya kuimba nikifanya kazi, mpaka siku moja akaniita.

"Waryaa Mwiti, hii masikio yako ulipewa ya kushikilia kofia?"

Sikuimba tena.

Kifaa chake kikuu kilikuwa kipande cha mpira wa maji, mweusi, urefu wa mkono, ncha moja imesuguliwa ikawa laini ya kuingia sikioni. Mtacheka, lakini ngojeni. Injini ya kabureta mbili haikai sawa mpaka zote mbili zivute hewa kwa nguvu moja. Unaweka ncha ya mpira kwenye mdomo wa kabureta ya kwanza, ncha nyingine sikioni, unasikia hewa inavyopita. Unahamia ya pili. Moja ikivuta kuliko mwenzake, unageuza skurubu kidogo, tena kidogo, mpaka sauti mbili ziwe moja. Halafu unapima mchanganyiko wa hewa na petroli. Unainua pistoni ya kabureta kwa ncha ya bisibisi, kiasi cha unene wa ukucha. Injini ikipanda mbio na kubaki huko juu, petroli imezidi. Ikitaka kuzimika, petroli ni kidogo. Ikipanda kidogo halafu ikatulia, funga boneti uende ukanywe chai.

Na alikuwa na sheria moja aliyoirudia kila wiki, mpaka mbuzi wake nadhani waliijua. "Ukisikia sauti hujui, zima injini. Ikinyamaza, ni ya injini. Ikiendelea, iko kwengine. Ifuate mpaka uishike."

Kuna afisa wa mifugo aliyetuletea gari kutoka Merti, analalamika kwamba kitu kinakwaruza na kugonga huko nyuma. Tulifungua magurudumu, tukatazama shoku zinazopunguza mtikisiko, tukatikisa ekseli. Hakuna kitu. Hersi akasema, zima. Nikazima. Ukwaruzaji ukaendelea. Basi mzee akachukua mpira wake, akaupitisha kwenye bodi la gari pole pole kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa, akaishia kwenye buti. Chini ya gurudumu la akiba alikuwepo kobe. Afisa alikuwa amemwokota Merti awapelekee watoto wake, akamsahau.

"Hii ndio shoku yako mbovu," Hersi akamwambia, akimkabidhi kobe wake kwa mikono miwili.

Nawasimulia habari za kobe ili mjue kwamba sheria ile ilitufaa, tena kwa miaka mingi. Ndiyo maana hakuna aliyeitilia shaka.

Hersi alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Said. Kijana mpole, mcheshi, na mwenye ugonjwa wa kupenda magari yasiyofaa. Alikuwa na duka Kulamawe, la sukari, majani ya chai na nguo, na mke wake Halima alikaa hapa Wabera na binti yao mdogo, Asha. Siku moja Said akaja uani na gari alilonunua kwa mzungu wa Timau aliyekuwa anafunga shamba arudi kwao. Gari la michezo, la viti viwili, paa la turubai, limeinama chini kiasi kwamba mbuzi walilitazama kwa juu. Halikuwa jipya hata siku hizo. Hersi alilizunguka, mikono mgongoni, akamuuliza mwanawe, "Na ile nusu ingine iko wapi?"

Alilicheka, lakini alilipenda kuliko alivyotaka tujue. Tuliliongezea jani la springi tulilotoa kwenye gari kuukuu la shamba ili lisikwame kwenye mawe. Tukakata kipande cha pipa la mafuta tukakifunga chini ya sampu, bakuli la mafuta ya injini, mawe yasiitoboe. Pointi za distribyuta tulizipima kwa karatasi ngumu ya pakiti ya sigara. Joto la huku lilikuwa linachemsha petroli ndani ya bomba kabla haijafika kwenye kabureta, basi Hersi akaenda akaiba vibanio vya mbao kwenye kamba ya nguo ya mkewe, akavibana kwenye bomba lile. Mkewe alinuna, bomba likapoa.

Kazi kubwa ilikuwa kabureta zenyewe. Kumbukeni hili hata kama hamtashika kabureta maishani. Timau ni juu, hewa yake ni nyepesi. Mtu wa huko hupunguza petroli ili injini isisongwe. Ukiliteremsha gari hilo Isiolo, hewa inakuwa nzito, petroli ile ile inakuwa haitoshi, na injini inaungua ndani kimya kimya. Hersi alikaa na mpira wake sikioni siku nzima, akiongeza petroli kwa kugeuza nati chini ya kabureta, asikilize, ageuze tena. Alipomaliza, gari lilikuwa linanguruma taratibu, huwezi kujua kama zinavuta kabureta mbili au moja. Nimefanya kazi hii maisha yangu yote na sijasikia injini nyingine iliyokaa sawa namna ile.

Halafu Said akaanza kumlalamikia baba yake.

"Aabo, hii gari inapiga mluzi."

"Wapi?"

"Njiani. Saa za alasiri, nikitoka Kulamawe."

Sasa mluzi kwenye injini si jambo la kutisha. Hewa ikipata tundu pembeni ya gasketi, inapiga mluzi, na dawa yake inajulikana. Unawasha injini, unapaka mafuta mazito kwa brashi kuzunguka gasketi, pole pole. Pale sauti itakapobadilika ndipo penye tundu. Tulipaka kila mahali. Kimya. Hersi akakata gasketi mpya kwa nyundo hata hivyo. Said akaenda, akarudi, akasema mluzi bado upo. Tukatoa kabureta, tukabadilisha bushi za ndani. Said akaenda, akarudi.

"Ni mluzi ya namna gani?" nikamuuliza.

Akafikiri. "Kama mtu ananywesha ngamia."

Mtu aliyekua na mifugo huku anaujua. Mchungaji akifikisha wanyama kisimani, hupiga mluzi wa chini, mrefu, usio na haraka, na wanyama hutulia wakanywa. Mimi wa Meru niliusikia mara ya kwanza nikiwa mtu mzima, na hata mimi ulinifanya nihisi kiu.

"Basi gari inataka maji," Hersi akasema. "Jaza rejeta."

Tukacheka, lakini mzee alikuwa ameanza kuudhika. Gari lake zuri kuliko yote lilikuwa na kasoro ambayo masikio yake hayaisikii. Uani, kimya. Akilizungusha mjini, kimya. Asubuhi moja Said akijiandaa kwenda dukani, Hersi akatoka na ule mpira wake mwenyewe, ambao hakuwahi kumwazima mtu, akautupa kwenye kiti cha pili cha gari.

"Beba hii. Ukiisikia, simama. Fungua boneti. Zima. Ikiendelea, ifuate mpaka uishike. Usinirudie na hadithi."

Said akacheka, akapiga saluti ya kijeshi, akaondoka. Hatukumwona tena.

Dereva wa lori lililobeba vitunguu kutoka Rapsu ndiye aliyeleta habari. Aliliona gari limesimama kando ya barabara, boneti imeinuliwa, hakuna mtu. Watu wakatoka, wengine kwa magari, wengine kwa miguu. Walitafuta barabara yote kuelekea Kulamawe, wakatafuta kurudi Isiolo, wakauliza kila manyatta na kila duka. Upepo wa huko hauachi nyayo. Walivuta gari kwa kamba mpaka Wabera, wakaliacha uani, na Hersi akalifunika turubai.

Kilichofuata ni maneno. Wengine walisema injini ilikufa, kijana akatembea kutafuta msaada, jua likammaliza. Wakaongeza, kwa sauti ya chini lakini si chini ya kutosha, kwamba aliyeichezea injini ile ni babake mwenyewe. Wengine walisema Said ametoroka, ana mke mwingine mahali, gari aliliacha makusudi. Nilisikia maneno hayo kwenye hoteli nikinywa chai, na siwezi kuwaficha, siku moja nilimwaga chai ya mtu kwa hasira.

Hersi aliacha kugusa kabureta. Mimi nilifanya kazi, yeye alikaa juu ya gurudumu kuukuu akitazama lile turubai. Kila nilipozima injini ya mteja, mzee aliinua kichwa na kusikiliza. Hakukuwa na kitu cha kusikia. Bado alisikiliza, mpaka mimi nami nikaanza kuchukia kile kimya kinachofuata injini ikizimwa.

Mvua zilikuja zikaenda. Kisha Halima akaja uani, amemshika Asha mkono. Alinisalimia mimi kwanza, maana mkwewe alikuwa haitikii watu.

"Habari yako, Fundi Mwiti."

"Nzuri, Mama Asha."

"Mimi ni mke ama ni mjane?" akaniuliza. "Niambie. Sheikh anasema ningoje. Ndugu zangu wanasema ameniacha, nisahau. Mimi hata kulia sijalia, sijui nalilia nani. Hiyo gari ndio ilimwona mwisho. Na nyinyi ni mafundi. Fungueni."

Nilimtazama Hersi. Akainuka, akavuta turubai kwa mkono mmoja, vumbi likatufunika sote. Akachagua spana ya plagi kwenye boksi, akanipa.

"Macho yangu haioni rangi tena. Nisomee plagi," akasema. "Na usinihurumie."

Nyinyi plagi mnazitupa. Sisi tulizisoma. Plagi hubaki na sura ya dakika ya mwisho ya injini. Ikiwa nyeusi ya masizi, injini ilisongwa na petroli. Ikiwa nyeupe ya majivu, ilikosa petroli ikaungua, na mwenye kosa ni aliyegeuza ile nati. Hersi alijua hivyo, nami nilijua, na Halima alituona kwenye nyuso zetu. Kama plagi zile zingetoka nyeupe, mzee yule angezikwa kabla ya mwaka kwisha. Nikafungua ya kwanza.

"Biskuti," nikasema.

Hiyo ndiyo rangi tunayoitafuta, rangi ya biskuti iliyochovywa kwenye chai. Nikafungua ya pili, nikasema biskuti. Ya tatu na ya nne pia.

"Soma tena," Hersi akasema. Nikazisoma tena nikiziinua kwenye jua, Halima naye akazitazama kana kwamba anaelewa. Kisha nikatazama mengine. Petroli ilikuwamo kwenye tangi. Waliolivuta kwa kamba walikuwa wamenieleza kwamba waliikuta breki ya mkono imevutwa. Ufunguo ulikuwa mahali pake, umegeuzwa kwenye kuzima.

"Mzee, haikufa," nikamwambia. "Ilizimwa. Na mkono wa mtu."

Hersi akafunika uso kwa kilemba chake, na nikasikia akisema Alhamdulillahi mara nyingi, sauti imekatika. Nililia nami, sioni aibu. Lakini Halima hakulia. Alisema kwa utulivu, "Basi ameniacha."

Hersi akafunua uso. Niliona fikra ikimwingia, pole pole, kama maji yanavyoingia kwenye mchanga. Akainama ndani ya gari. Akapapasa viti, akapapasa chini ya viti, akafungua buti.

"Mpira iko wapi?" akauliza.

Haukuwepo. Vifaa vingine vyote vilikuwepo.

Hapo ndipo tulipoelewa kosa la watu wote waliotoka kumtafuta. Walimtafuta mtu aliyeharibikiwa na gari. Mtu huyo hushika barabara, maana barabara ndiyo ina watu. Kwa sababu boneti ilikuwa wazi, hakuna aliyefikiri lingine. Lakini Said hakuwa ameharibikiwa. Alisimama kwa hiari yake akiwa na mpira mkononi, na mtu anayefuata sauti hashiki barabara.

Niliosha kabureta, nikaweka petroli mpya na betri, na injini ikawaka mara ya kwanza. Tuliondoka mimi na Hersi mchana ili tufike alasiri. Gari lilikwenda vizuri. Sikuwahi kuendesha kitu kilichokwenda vizuri namna ile, na kila kilomita nilizidi kuogopa. Dereva wa vitunguu alikuwa ametuelekeza mahali penyewe, ambapo barabara inapita kati ya vichaka vya miiba na ardhi inateremka kidogo kuelekea laga, mto wa msimu, wakati huo mkavu. Nikasimama, nikavuta breki ya mkono, nikaacha injini inanguruma. Hersi akashuka akainua boneti.

Upepo wa alasiri ulikuwa umeanza. Ukaja mluzi.

Ulikuwa wa chini, mrefu, hauna haraka. Kwa kweli ulitoka kwenye injini, ningekula kiapo. Nilikuwa nimebeba kipande kingine cha mpira, nikakiweka kwenye kabureta ya kwanza, nikasikia hewa safi. Ya pili, hewa safi, sawasawa na ya kwanza. Sikio moja lilikuwa linasikia injini isiyo na kosa lolote na sikio lingine lilikuwa linasikia mtu ananywesha ngamia.

"Zima," Hersi akasema.

Nilikaa na mkono kwenye ufunguo. Sikutaka.

"Waryaa, zima."

Nikazima. Injini ikanyamaza, na mluzi ukaendelea, ule ule, mtulivu, kutoka ndani ya vichaka. Nilimtazama mzee. Midomo yake ilikuwa inatembea. "Nilimwambia aifuate," akasema. "Mimi ndio nilimwambia."

Tuliufuata. Si mbali, na hilo ndilo linaloniumiza mpaka leo. Miiba ilitushika nguo, na mluzi ulikuwa mbele yetu daima, mara kushoto kidogo, mara kulia. Chini tulianza kuona mifupa ya mbuzi, myeupe, mingi, imelala mahali pamoja. Halafu vichaka vikafunguka, na hapo katikati ya uwanja mtupu kulikuwa na bomba la chuma limesimama kutoka ardhini, limefika kifuani, mdomo wazi. Upepo ukipita juu ya mdomo ule, bomba linaimba. Na kwenye mdomo wa bomba umechomekwa mpira wetu mweusi, ncha yake iliyosuguliwa inaning'inia, inatikiswa na upepo.

Hersi aliniwahi. Alipita upande wa kushoto mpaka kwenye bomba, akaishika ncha ile, akaiweka sikioni kama alivyofanya maelfu ya siku. Akasikiliza. Nilimwona akifumba macho.

"Unasikia nini, Mzee?"

"Hewa," akasema. "Hewa tu."

Nilipotaka kumsogelea, mtu akapiga ukelele nyuma yangu. Alikuwa mama mmoja wa Kiborana, mtu mzima, amebaki pembeni mwa vichaka na fimbo mkononi.

"Simama hapo hapo! Chini yako ni kisima!"

Nikatazama miguu yangu. Mbele yangu hatua moja tu palikuwa na matawi na magogo yaliyooza, yamefunikwa mchanga, sura yake ni ya ardhi. Na katikati yake, upande wa bomba, palikuwa na shimo jeusi ambalo magogo yalikuwa yamevunjika.

Mama yule alitueleza akiwa pale pale, hakukubali kusogea. Kisima kilichimbwa na watu wa zamani, kikakauka, wakakifunika. Baadaye serikali ikaja na mashine kutoboa pembeni yake, haikupata maji, ikaondoka ikaacha bomba. "Upepo ya jioni inaita mbuzi," alisema. "Mbuzi anasikia anafikiri ni maji. Anakuja, anasimama, anangoja. Hata ukipiga hatoki. Sisi hatuleti mifugo hapa."

"Na kijana wangu?" Hersi akauliza. "Mliona gari. Hamkusema?"

"Waliuliza kama tumeona mtu kwa barabara," mama akajibu. "Kwa barabara hatukuona mtu."

Sina maneno mengi juu ya yaliyofuata. Wanaume walikuja na kamba, na Said alitolewa, akazikwa kwa taratibu za dini yake, na nilisimama nyuma ya mstari na kofia yangu mkononi. Alikuwa amechomeka mpira kwenye bomba asikilize, kama alivyofundishwa, akarudi nyuma hatua moja. Halima alikaa eda. Siku alipoanza kulia, majirani wote wa Wabera walimsikia, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Aliniambia baadaye, "Sasa najua nalilia nani," na akanishukuru kwa kusoma plagi. Sijawahi kushukuriwa kwa jambo zito kuliko hilo.

Mimi na Hersi tulirudi kule na saruji. Tulijaza kisima mawe. Bomba nililijaza mwenyewe kwa mikono yangu, kokoto, saruji, kokoto, mpaka mdomoni, nikalipiga kwa nyundo mpaka likatoa sauti ya kitu kizito. Hersi alisimama akisikiliza. Upepo ulikuja, na bomba halikusema kitu.

Alifundisha tena baada ya hapo. Aliishi kuona miaka ya themanini, na mafundi kadhaa wa mji huu ni wanafunzi wake. Lakini sheria yake ilibadilika, na mimi nawapa hii ya mwisho, siyo ile ya kwanza. "Ukisikia sauti hujui, zima injini. Ikinyamaza, ni kazi yako. Ikiendelea, si yako. Washa, uende nyumbani."

Gari lile la michezo alikataa kuliuza. Lilikaa uani mpaka kutu ikala bodi lake, na kila wiki mpaka anakufa alinitaka niliwashe, akaweka mpira kwenye kabureta ya kwanza, kisha ya pili. Zilikuwa sawa daima.

Hersi alipokuwa ameshafariki, nilipewa pikapu ya mtu niifanyie majaribio, nikaipeleka barabara ya Kulamawe, alasiri, bila kufikiri. Injini yake ilikuwa nzima, nimeifunga mwenyewe asubuhi ile. Nilipofika pale ardhi inapoteremka kuelekea laga, ukaanza mluzi. Wa chini, mrefu, usio na haraka. Nikajiambia ni gasketi. Mafundi husema hivyo. Kipande cha mpira kilikuwa kwenye kiti cha pili, mguu wangu ulikuwa tayari umeshuka kwenye breki, na mkono umefika kwenye ufunguo.

Nikautoa mkono. Nikakanyaga mafuta, nikafika Kulamawe nikiwa nimelowa jasho. Usiku huo nililala huko huko dukani kwa watu, na kesho yake nilirudi asubuhi mapema, wakati upepo haujaamka.

Kwa hiyo sijui mpaka leo kama ilikuwa gasketi. Mtu akizima injini mahali pale atajua mara moja, ni kazi ya kugeuza ufunguo tu. Nyinyi mkipita huko alasiri mkausikia, msizime eti mpate cha kuja kuniambia.